Kuirudia The X-Files Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaoirudia The X-Files, tamthilia ya Marekani kuhusu wapelelezi wawili wa FBI, Mulder (David Duchovny) na Scully (Gillian Anderson), wanaochunguza kesi zisizoelezeka, baada ya miaka mingi, au wanaomkalisha mtu mwingine aione kwa mara ya kwanza, wakiwa Mbeya, Iringa, Njombe au vijiji vya baridi vilivyo katikati. Majibu mengi yanagusa kisa chenyewe. Kama nyumbani kuna ambaye hajaiona, msomee maswali ya vifaa tu.

Ni ndefu kiasi gani?

Ilianza kurushwa Marekani na kituo cha Fox tarehe 10 Septemba 1993, ikafungwa 19 Mei 2002 ikiwa na misimu 9 na episodi 202. Ilifufuliwa mwaka 2016 kwa episodi 6, na 2018 kwa episodi 10. Jumla 218, pamoja na filamu mbili za sinema, ya 1998 na ya 2008. Episodi moja huchukua kama dakika 45, kwa hiyo tamthilia nzima ni saa 163 na ushee bila filamu.

Ukitazama mbili kila usiku utamaliza kwa siku 109. Anza tarehe mosi Juni, baridi inapoanza kukaza, na utafunga katikati ya Septemba. Tunashauri usizidishe mbili. Chris Carter, muundaji wa tamthilia, na waandishi wake walizitunga zitazamwe moja kwa wiki, na ukizimeza tano kwa mkupuo viumbe wanaanza kufanana, tochi zinafanana, na mazungumzo ya Mulder na Scully ndani ya gari, ambayo ndiyo utamu wenyewe, yanakupita sikioni.

Nifuate mpangilio gani?

Mpangilio wa kurushwa, bila kuchezea. Penye kuhitaji uangalifu ni pachache. Filamu ya 1998 inakaa kati ya msimu wa 5 na wa 6: maliza "The End", tazama filamu, kisha "The Beginning". Ukiiruka, msimu wa 6 unakuanzia katikati ya maneno. Filamu ya 2008 inakuja baada ya msimu wa 9, nayo ni kisa kinachojitegemea.

Kuna tamthilia mbili za pembeni. "The Lone Gunmen" ya 2001, yenye episodi 13, inahusu wale jamaa watatu wa magazeti ya njama, Byers, Frohike na Langly. Itazame kabla ya "Jump the Shark" ya msimu wa 9, kwa sababu hapo ndipo hadithi yao inapofungwa. "Millennium" nayo ilipata hitimisho lake ndani ya msimu wa 7, katika episodi ya nne inayoitwa hivyohivyo. Kama hukuwahi kuiona, utaifuata kwa tabu kidogo lakini hutapotea.

Pendekezo moja la kuvunja utaratibu: "Squeeze" ni ya tatu katika msimu wa 1, na mwendelezo wake, "Tooms", ni ya 21. Wanaotazama polepole husahau kwamba Eugene Tooms, muuaji wa episodi hizo mbili, anahitaji maini matano kila baada ya miaka 30 ili alale tena. Kabla ya "Tooms", rudia dakika kumi za mwisho za "Squeeze".

Sina saa 163. Naweza kufuata njama ya serikali na viumbe wa angani peke yake?

Unaweza. Chukua: "Pilot", "Deep Throat" na "The Erlenmeyer Flask" za msimu wa 1. Msimu wa 2: "Duane Barry", "Ascension", "One Breath", "Colony", "End Game" na "Anasazi". Wa 3: "The Blessing Way", "Paper Clip", "Nisei", "731", "Piper Maru" na "Apocrypha". Wa 4: "Tunguska", "Terma", "Memento Mori" na "Gethsemane". Wa 5: "Redux" zote mbili, "Patient X", "The Red and the Black" na "The End". Halafu filamu ya 1998, kisha msimu wa 6: "The Beginning", "Two Fathers" na "One Son". Malizia na "Sein und Zeit" na "Closure" za msimu wa 7, zinazojibu swali la Samantha, dada yake Mulder aliyetoweka Novemba 1973. Hizo ni episodi 29 na filamu moja.

Simama hapo. Katika "One Son" wale wazee wa njama wanateketezwa kwa moto, na njama ya miaka sita inapata mwisho unaoeleweka. Yaliyoongezwa baadaye yanarundika maswali juu ya maswali.

Lakini tuseme wazi: ukitazama njama tu, umeacha nusu bora. Visa vya episodi moja moja ndivyo vilivyozeeka vizuri. "Clyde Bruckman's Final Repose" ya msimu wa 3, kuhusu muuza bima anayeona kila mtu atakavyokufa, ilimpatia Darin Morgan tuzo ya Emmy ya uandishi na Peter Boyle ya mwigizaji mgeni. "Bad Blood" ya msimu wa 5 inasimulia kesi moja mara mbili, kwanza kwa macho ya Scully, kisha kwa macho ya Mulder. Msikilize Luke Wilson, yule mkuu wa polisi wa mji, katika kila toleo, na umtazame meno. Kwa Scully ni kijana mtanashati, kwa Mulder meno ya mbele yamechomoza. Ni jambo dogo, lakini linakueleza wivu wa Mulder kuliko maneno ya ukurasa mzima.

Mara ya pili nitazame nini ambacho mara ya kwanza kilinipita?

Mtazame Mvuta Sigara, mmoja wa wazee wa njama. Katika "Pilot" anasimama pembeni ya ofisi, anavuta, hasemi neno. Mwisho wa episodi anatembea kwenye ghala refu la Pentagon na kuweka ushahidi pekee wa kesi ndani ya boksi. Sasa nenda mwisho wa "The Erlenmeyer Flask", episodi ya 24: ghala lilelile, mtu yuleyule, boksi jingine. Msimu mzima umefungwa kwa picha mbili zinazofanana. Katikati hapo, sauti yake inasikika kwa mara ya kwanza kwenye "Tooms", na Skinner, bosi wa Mulder na Scully, pia anaingia kwa mara ya kwanza kwenye episodi hiyohiyo.

Tazama saa. Ukiona 10:13 au 11:21 kwenye saa ya kitandani, imewekwa kwa makusudi. Carter alizaliwa tarehe 13 Oktoba, na kampuni yake iliitwa Ten Thirteen. Mke wake alizaliwa tarehe 21 Novemba.

Usiruke muziki wa mwanzo wa Mark Snow. Maneno yanayofunga utangulizi kwa kawaida yanasema ukweli uko huko nje, ila mara chache hubadilika. Kwenye "The Erlenmeyer Flask" yanakutaka usimwamini mtu, kwenye "Ascension" yanakuagiza ukane kila kitu, na kwenye "Anasazi" yameandikwa kwa lugha ya Wanavajo. Anayebonyeza kuruka utangulizi anakosa dokezo la episodi nzima.

Na mfuko wa Mulder: mbegu za alizeti. Wamarekani wanazitafuna kama sisi tunavyotafuna karanga.

Kwa nini Scully anapotea mwanzoni mwa msimu wa 2?

Gillian Anderson alikuwa mjamzito, na binti yake alizaliwa Septemba 1994. Kwanza walimficha kwa makoti mapana, meza na kamera ya kuanzia mabegani. Siku za kujifungua zilipofika, Scully alitekwa kwenye "Ascension", akakosekana kwenye episodi inayofuata, akarudi kwenye "One Breath" akiwa amelala hospitalini. Waandishi walilazimika, lakini dharura hiyo ndiyo iliyozaa shina la tamthilia. Kidude kilichokutwa shingoni mwake, saratani ya msimu wa 4, na suala la mtoto vyote vimetoka hapo.

Mbona misimu ya mwanzo ina misitu na ukungu kama Sao Hill, halafu ghafla jua kali?

Misimu 5 ya kwanza ilipigwa Vancouver, Kanada. Miti ile mirefu ya majani sindano, barabara za udongo zenye maji na ukungu unaoshuka mchana ni vya kule, na mtu wa Mufindi au Uporoto anavitambua mara moja. Kuanzia msimu wa 6 walihamia Los Angeles, kwa kuwa David Duchovny alitaka kuwa karibu na nyumbani. Mwanga ukabadilika, jangwa likaingia, na hofu ikapungua. "Drive", ya pili katika msimu huo, ilijua kulitumia jua hilo: ni gari lisiloweza kusimama kwenye barabara kuu, na Bryan Cranston kiti cha nyuma. Mwandishi wake ni Vince Gilligan, aliyekuja kumchukua Cranston kwa Breaking Bad.

Picha yangu ina mistari myeusi pembeni, au watu wamevimba mashavu. Ipi ni sahihi?

Mistari myeusi kushoto na kulia ni sahihi kwa nakala za zamani za misimu ya mwanzo, kwa sababu ilirushwa kwa umbo la 4:3. Mashavu yaliyovimba yanaonyesha kwamba televisheni yako imeivuta picha ijaze kioo. Ingia kwenye ukubwa wa picha, chagua 4:3. Ukitumia programu ya VLC kwenye kompyuta, bonyeza A mara kadhaa hadi nyuso zikae sawa.

Toleo la HD la Blu-ray lililotoka 2015 linajaza kioo kwa haki, kwa kuwa lilichukuliwa upya kutoka kwenye filamu ya milimita 35. Ni zuri sana, hasa kwenye mvua na msitu. Tofauti utaiona kwenye baadhi ya picha za athari maalum, ambazo zinaonekana laini kuliko zilizotangulia na zinazofuata. Kioo chako hakina kosa hapo.

Naona giza tupu. Nifanyeje?

Tamthilia ilipigwa gizani makusudi, ila hukutakiwa usione kitu. Fanya hivi usiku, taa ya sebuleni ikiwa imezimwa:

Chagua aina ya picha ya sinema, uache ile ya rangi kali ya dukani. Simamisha kwenye tukio la tochi, kwa mfano ndani ya kituo cha barafu kwenye "Ice", ya nane ya msimu wa 1. Pandisha kwanza "Backlight", yaani taa ya nyuma ya kioo, hadi uone mikunjo ya koti jeusi. "Brightness" iguse mwisho, kidogokidogo. Weusi ukianza kuwa kijivu kama majivu, umepitiliza, rudisha hatua mbili. Kisha zima kulainisha mwendo na kupunguza chenga. Filamu ya zamani ina punje zake, na televisheni ikijaribu kuzifuta inafuta na ngozi za watu.

Flash haisomeki, au picha ipo na sauti hakuna.

Flash kubwa kuliko GB 32 mara nyingi huja ikiwa na mfumo wa exFAT, ambao televisheni nyingi za zamani haziujui. Ibadili iwe NTFS, au tumia ya GB 32 yenye FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kubadili mfumo kunafuta kila kitu, hivyo hamisha mafaili kwanza.

Picha ikiwepo na sauti ikikosekana, sauti huenda ni ya DTS au AC3, na televisheni haina uwezo wa kuifungua. Sauti ikiwepo na picha ikikwama, kwa kawaida ni video iliyobanwa kwa H.265, ambayo televisheni haiwezi kuifungua. Njia rahisi kwa yote mawili ni kuunganisha kompyuta kwa waya wa HDMI na kutumia VLC.

Mafaili yaandike S01E01, S01E02, yakiwa na sifuri. Ukiandika 1, 2, 3, televisheni nyingi zitakupeleka kutoka ya 1 kwenda ya 10. Kwa picha ya ubora wa DVD weka hesabu ya MB 350 hadi 500 kwa episodi, yaani tamthilia nzima ni GB 76 hadi 109. Nakala ya halali, iwe boksi la diski au huduma ya kulipia, ina faida ya ziada: hakuna episodi iliyokosekana katikati. Kwa boksi la diski, soma namba ya kanda (region), yaani eneo la dunia ambako diski inaruhusiwa kuchezwa, kabla ya kulipa. Tanzania ni kanda ya 5, Marekani ya 1, Uingereza ya 2, na deki isiyofunguliwa kusoma kanda zote itaikataa diski ya kanda nyingine.

Maandishi ya chini yanaanza sawa, baadaye yanachelewa zaidi na zaidi.

Kama yamechelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, bonyeza G au H kwenye VLC, na kila mbonyezo utayasogeza milisekunde 50. Kama pengo linakua, tatizo ni kasi ya video. DVD za Ulaya hukimbiza picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo episodi ya dakika 45 inaisha kwa dakika 43 na sekunde 12. Maandishi yaliyotengenezwa kwa Blu-ray yatakuwa nyuma kwa karibu dakika 1 na sekunde 48 mwishoni. Kusogeza hakutasaidia. Fungua faili la maandishi kwenye programu ya Subtitle Edit, badili kasi kutoka 23.976 kwenda 25, uhifadhi kwa UTF-8 kwa jina lilelile la video.

Umeme ukikatika katikati ya kisa?

Televisheni ya LED ya inchi 32 hula kama wati 50. Betri ya gari au sola ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Baki na 600, toa upotevu wa inverta wa asilimia 15, unapata 510: saa kumi. Hiyo inatosha kwa siku sita za episodi mbili kwa usiku, mradi hujaunganisha pasi wala jagi la maji.

Juni na Julai sebule ni barafu. Niwashe jiko la mkaa ndani?

Hapana. Hili ndilo jibu muhimu kuliko yote hapa.

Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Wengi huko Makete na Njombe hudhani jiko lililowashwa nje hadi moshi ukaisha ni salama. Si kweli: makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kuitoa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito. Mtazamaji akisinzia mbele ya televisheni watu hudhani kachoka. Ukiona dalili hizo kwa zaidi ya mtu mmoja, toeni watu wote nje, fungueni milango, mwende hospitali usiku huohuo.

Hata habari za mizimu zinahusika hapa. Mwaka 1921 jarida la madaktari wa macho la Marekani lilichapisha kisa cha familia iliyosikia nyayo usiku, ikaona watu wasiokuwepo na kuhisi inatazamwa. Chanzo kilikuwa tanuru bovu la kupashia nyumba joto. Scully angeanza kwa kuuliza kuhusu tanuru.

Tumia blanketi zito, soksi za sufu, na chupa ya chai ya tangawizi miguuni.

Deki ya DVD inakataa kusoma usiku wa baridi.

Ikitoka chumba cha baridi kuingia penye joto, unyevu hujikusanya kwenye lenzi. Iache saa moja bila kuiwasha. Diski ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

Kimondo cha Mbozi kinaweza kuwa na yale mafuta meusi yanayojigeuza minyoo ya kwenye "Tunguska"?

Watoto huuliza sana baada ya safari ya shule. Mwamba wa kwenye "Tunguska" unadaiwa kutoka Mars. Episodi ilirushwa Novemba 1996, miezi mitatu baada ya wanasayansi wa NASA kutangaza kwamba kimondo ALH84001, kipande cha Mars kilichookotwa Antaktika, huenda kina alama za vijidudu vya kale. Waandishi waliidaka habari ikiwa moto. Vimondo vya Mars ni mawe ya volkano. Cha Mbozi ni cha chuma: karibu asilimia 90 chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Hakina pa kuficha mnyoo. Ukimpeleka mtoto akakione, mwonyeshe pale kilipokatwa vipande, chuma kinavyong'aa.

Nitazame na watoto?

Chini ya miaka 13, hapana kwa nyingi. "Home" ya msimu wa 4 ilitanguliwa na onyo kwa watazamaji iliporushwa 1996, na onyo hilo bado linafaa hata kwa watu wazima.

"Teliko", inayofuata "Home", inahitaji neno la pekee. Inamwonyesha mtu kutoka Burkina Faso anayeishi kwa kunyonya tezi za wanaume weusi, na maiti zinabaki zimepoteza rangi. Katika nchi ambako watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa uongo wa waganga, picha hiyo haipiti kama burudani tu. Eleza kabla ya kuwasha: ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, mtu huzaliwa nao, hauambukizi, na hauna uhusiano wowote na kisa hiki. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye ualbino, iruke. Si episodi nzuri hata hivyo.

Misimu ya 8 na 9 niiache?

Ya 8 usiiache. Robert Patrick, kama John Doggett, ni mpelelezi wa FBI asiyeamini kitu lakini mwenye heshima, na Scully analazimika kukalia kiti cha Mulder. Ya 9 inachosha. Tazama "Jump the Shark", "William" na "The Truth".

Na ile ya 2016 na 2018?

Episodi za "My Struggle" ni nne, na zinavuruga zaidi ya kueleza. Chukua "Mulder and Scully Meet the Were-Monster" ya 2016, na "Rm9sbG93ZXJz" ya 2018, ambayo karibu haina maneno, kwa hiyo hata bibi asiyejua Kiingereza ataifuata yote.

Usiku wa mwisho nifunge na nini?

"The Truth" inaishia kwenye chumba cha moteli, mvua inanyesha, wawili wanazungumza kwa sauti ya chini. Ikiisha, usizime. Weka "Pilot", usogeze hadi pale umeme unapokatika motelini Oregon. Scully anaingia, anamwonyesha Mulder alama mgongoni, Mulder anaziangalia kwa mwanga wa mshumaa na kumwambia ni mbu tu. Kisha anakaa sakafuni na kumsimulia habari za dada yake.